Toleo la Pili Ndilo Kipimo: Programu za Kuandikia na za Uchapishaji katika Hati za Kiufundi

Mwongozo wa matengenezo wenye kurasa 400 umekamilika, umepigwa chapa, na mafundi wanautumia. Miezi sita baadaye mtengenezaji wa mashine anabadilisha vali moja, na sura ya tatu inahitaji kifungu kipya chenye onyo moja, jedwali moja na michoro miwili. Kuandika kifungu hicho ni kazi ya asubuhi moja. Lakini kikishaingizwa, kila kifungu kinachokifuata katika sura hiyo hubadilika namba, Jedwali 3.7 huwa Jedwali 3.8, na sentensi zilizotawanyika katika sura nyingine kumi na moja, zile zinazomwambia fundi "tekeleza kwanza Kifungu 3.4.2 kabla ya kufungua mfuniko", sasa zinamwelekeza mahali pengine kabisa. Ikiwa hakuna aliyeliona hilo kabla ya toleo jipya kutoka, fundi atafungua mfuniko wakati shinikizo bado limo ndani ya bomba.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu mijadala mingi kuhusu programu ipi inafaa hati za kiufundi huendeshwa kana kwamba toleo la pili halitakuwapo. Watu huweka orodha mbili za uwezo kandokando na kuuliza: je, programu hii inaweka tanbihi? Inatengeneza faharasa? Inaandika milinganyo ya hisabati? Kwa kipimo hicho karibu programu zote kubwa za leo hufaulu, na mjadala huishia kwenye bei na mazoea. Naona kipimo hicho hakigusi kiini cha jambo. Hati ya kiufundi huandikwa mara moja na kurekebishwa mara nyingi, na katika marekebisho hayo linalotakiwa kuulizwa ni nani anayeshika kanuni za hati: programu, au kichwa cha mwandishi aliyechoka jioni ya siku ya kukabidhi kazi.

Kwa "programu ya kuandikia" nakusudia zile zilizomo karibu katika kila kompyuta ya ofisini, kama Microsoft Word na LibreOffice Writer. Jina "programu ya uchapishaji" lina utata zaidi, kwa kuwa hukusanya ndani ya kapu moja vitu vitatu visivyofanana: programu za kupanga kurasa, mfano Adobe InDesign na QuarkXPress, programu za hati ndefu, ambazo mfano wake mashuhuri ni Adobe FrameMaker, na mifumo ya kualamisha matini, ambamo mwandishi huweka alama ndani ya matini yenyewe, yaani LaTeX pamoja na ile iliyojengwa juu ya XML, lugha ya alama zinazotaja kila kipande cha hati ni nini. Anayesema "tuhamie kwenye programu ya kitaalamu" bila kutaja ni ya kundi lipi bado hajasema lolote linaloweza kutekelezwa.

Haki ni kuanza na kile ambacho programu za kuandikia zinaweza, kwa sababu wapinzani wake huwa wanazisingizia. Word, iliyotoka mwaka 1983, imekuwa na mitindo tangu siku zake za mwanzo. Mwandishi anaweza kutangaza kwamba mstari huu ni kichwa cha ngazi ya pili, akaacha programu iamue fonti yake, namba yake na nafasi yake katika orodha ya yaliyomo. Anaweza kuweka rejea inayofuata namba ya jedwali kokote inakohamia. Anaweza kutengeneza kiolezo na kuwagawia wenzake. Mwongozo wetu wa kurasa 400 unaweza kabisa kuandikwa humo, na nimeona hati ndefu kuliko huo zilizoandikwa humo vizuri, na watu waliokuwa na nidhamu ya kijeshi.

Nidhamu hiyo inahitajika kwa sababu programu ya kuandikia inaruhusu kila kitu. Mwandishi mmoja anachagua mtindo wa kichwa. Mwenzake anaandika mstari wa kawaida, anaukoleza, anaukuza hadi pointi 14 na kuupigia namba kwa mkono. Kwenye skrini vichwa viwili hivyo ni pacha. Ndani ya faili kimoja ni kichwa na kingine ni aya iliyovaa nguo za kichwa, na ni kimoja tu kitakachoingia kwenye orodha ya yaliyomo, kitakachohesabiwa katika namba, na kitakachotambuliwa na programu inayomsomea mtu asiyeona. Programu haikuonya, kwa sababu kwa mtazamo wake hakuna kosa lililotendeka. Mwandishi alitaka mstari uonekane vile, nao unaonekana vile.

Ukichungulia ndani ya faili utaelewa kwa nini matatizo fulani hurudi kila mara. Faili la docx, yaani faili la kawaida la Word, ni kifurushi cha zip chenye mafaili ya XML, na maelezo ya namba za orodha yanakaa katika faili lao peke yao, mbali na aya zinazoyatumia. Kila unaponakili orodha kutoka hati nyingine na kuibandika, maelezo mapya yanaweza kuongezeka humo. Baada ya miaka mitatu ya kunakili na kubandika, orodha zinazoonekana kuwa moja ni makumi ya orodha tofauti, na ndiyo maana hatua ya saba ya utaratibu inageuka ghafla kuwa hatua ya kwanza. Mipangilio ya kurasa nayo, yaani pambizo, mwelekeo wa karatasi na vichwa vya juu, inahifadhiwa mwishoni mwa sehemu inayohusika. Ndiyo maana anayefuta mkato wa sehemu, yaani alama inayotenga sehemu moja na inayofuata, hushangaa kuona kwamba kurasa zilizotangulia ndizo zilizobadilika na kufuata sura ya zile zilizokuwa mbele. Programu imefuata kanuni yake barabara, ila kanuni hiyo imefichwa mahali ambapo mtumiaji wa kawaida hana sababu ya kwenda kuitafuta.

Rejea za ndani zinastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, maana ndizo uti wa mgongo wa hati ya kiufundi. Katika Word, rejea inayofuata namba ya kifungu huonyesha jibu lililohesabiwa mara ya mwisho na haijihesabu upya mpaka iamriwe. Mwandishi anaweza kuingiza kifungu, kusoma sura nzima kwa utulivu na kuona namba za zamani zikiwa zimekaa palepale kana kwamba ni sahihi. Rejea hizo pia zimefungwa kwenye alama iliyofichwa kuzunguka maneno ya kichwa. Mhariri akifuta mstari mzima na kuuandika upya kwa maneno bora, alama imeondoka pamoja na mstari. Siku rejea zitakapohesabiwa upya, ujumbe wa kosa utatokea katikati ya sentensi, na ikiwa siku hiyo ni ya kuchapisha, hakuna uhakika kwamba kuna jicho litakaloukuta. Na hayo ni kwa yule aliyeweka rejea hai. Wengi huandika tu "3.4.2" kwa vidole vyao, na programu haina namna ya kujua kwamba tarakimu hizo zilikusudiwa kuwa kitu zaidi ya tarakimu.

Tabia hizi zinatokana na ukoo wa programu hizi. Mwaka 1974, katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, Butler Lampson na Charles Simonyi walitengeneza Bravo, programu ya kompyuta ya Alto iliyomwonyesha mwandishi kwenye skrini sura ileile itakayotoka kwenye karatasi. Lilikuwa jambo kubwa, na Simonyi alipohamia Microsoft mwaka 1981 alikwenda na fikra hiyo, nayo ikawa msingi wa Word. Ukoo huu ulimpa mtu wa kawaida uwezo uliokuwa mikononi mwa wapiga chapa peke yao, na sina nia ya kuudharau. Hata hivyo, uliweka ahadi yake kwenye sura ya ukurasa, na sura ya ukurasa haina kumbukumbu ya sababu zake.

Ukoo wa pili ulianza mapema zaidi na kwa swali jingine. Mwaka 1969, katika kampuni ya IBM, Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie walikuwa wakishughulikia hati za kisheria zilizotakiwa kupita kwenye mifumo kadhaa isiyoelewana. Jibu lao lilikuwa kuandika ndani ya matini kila kipande ni nini, si kinaonekanaje: hiki ni kichwa, hiki ni kifungu, hii ni orodha. Lugha hiyo, GML, ilizaa SGML, iliyokuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1986, na hiyo nayo ikazaa XML mwaka 1998. Ukiwa na hati ya namna hii, sura ni uamuzi unaofanywa mwishoni, na unaweza kufanywa upya mara nyingi upendavyo bila kugusa neno hata moja.

Donald Knuth, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, aliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1977 alipokea prufu za toleo jipya la juzuu la pili la kitabu chake kikubwa, The Art of Computer Programming, na akachukizwa nazo: toleo la kwanza lilikuwa limepangwa kwa herufi za madini ya risasi, na mashine mpya za kupanga herufi kwa picha zilikuwa zimeiharibu hisabati yake. Akaacha kazi ya kitabu na kuanza kutengeneza TeX, programu ya kupanga herufi na kurasa. Kazi aliyodhani ingekuwa fupi ilimchukua miaka, na katika miaka hiyo alilitazama tatizo la kupanga aya kwa jicho ambalo watengenezaji wa programu za kuandikia hawakuwa nalo. Programu ya kuandikia kwa kawaida hujaza mstari mmoja, ikiona umejaa inashuka kwenye wa pili, bila kurudi nyuma. Njia ya Knuth na Michael Plass, waliyoichapisha mwaka 1981, huitazama aya nzima na kuchagua mikato ya mistari ambayo kwa jumla inaacha mapengo yenye kulingana zaidi, hata kama mstari wa kwanza utabanwa kidogo ili wa nne usitanuke kupita kiasi. Sisi tunaoandika Kiswahili tunaliona jambo hili waziwazi, kwa kuwa vitenzi vyetu hubeba nafsi, wakati na yambwa ndani ya neno moja refu, na mstari uliojazwa kwa pupa huacha mapengo ambayo jicho linayakwaa.

Uzuri wa aya, pamoja na hayo, siyo sababu ya kuitumia LaTeX katika kazi ninayoizungumzia. LaTeX, ambayo Leslie Lamport aliijenga juu ya TeX katika miaka ya 1980, ina tabia moja yenye thamani kubwa kuliko uzuri: hati hujengwa upya kutoka mwanzo kila inapotayarishwa. Mwandishi hukipa kifungu jina, tuseme "kupunguza-shinikizo", na kila mahali anapotaka kukitaja hutumia jina hilo, si namba. Namba huhesabiwa kila safari, na programu hupita juu ya matini zaidi ya mara moja mpaka zitulie. Akikifuta kifungu na kusahau kwamba kinatajwa kwingine, panapotajwa patatokea alama mbili za kuuliza, na taarifa ya mwisho wa kazi itasema kuna rejea isiyojulikana. Majina mawili yakigongana, itasema pia. Hapa hati inamlalamikia mwandishi kabla ya kumfikia msomaji, na katika mfano wangu wa vali, malalamiko hayo ndiyo yanayomkinga fundi.

Faida nyingine ni kwamba chanzo cha hati ni matini tupu. Faili linaweza kuwekwa katika mfumo wa kufuatilia matoleo kama Git, unaoonyesha mstari kwa mstari ni nini kilibadilika kati ya toleo la Machi na la Septemba, nani alikibadilisha na kwa maelezo gani. Kwa hati zinazokaguliwa na mamlaka za usalama, ushahidi wa aina hiyo una uzito.

Gharama zake nazo si ndogo, na wapenzi wa LaTeX huzipitia haraka mno. Ujumbe wake wa makosa unaweza kutaja mstari ulio mbali na kosa lenyewe. Majedwali yenye seli zilizounganishwa, ambayo ndiyo chakula cha kila siku cha mwandishi wa kiufundi, ni kazi ya mateso. Michoro inayoachwa ielee inaweza kutua kurasa tatu mbele ya maelezo yake, jambo linalovumilika katika makala ya kitaaluma lakini halivumiliki katika utaratibu wa kuvua injini. Na kwa miaka mingi PDF zilizotoka humo hazikuwa na alama za muundo zinazohitajiwa na wasomaji wasioona, wakati Word iliweza kuziweka bila mtumiaji kuhangaika, ilimradi vichwa vyake viwe vichwa vya kweli. Mradi wa LaTeX umekuwa ukilifanyia kazi pengo hilo, lakini kwa taasisi yenye wajibu wa kisheria wa kuhakikisha hati zinasomeka na wote, udhaifu huo ni hoja kamili ya kuikataa.

FrameMaker ndiyo programu ambayo, kwa maoni yangu, inaeleza vizuri kuliko zote maana ya kuandika hati ndefu huku ukiona ukurasa. Ilitoka katika kampuni ya Frame Technology miaka ya 1980 na kununuliwa na Adobe mwaka 1995. Humo kitabu ni orodha ya mafaili ya sura, na namba za kurasa, vifungu, majedwali na rejea huhesabiwa kwa kitabu kizima kwa amri moja, kisha programu inatoa taarifa ya rejea zilizokufa. Word ina kitu kinachofanana kwa jina, hati kuu inayokusanya hati ndogo, lakini watumiaji wenye uzoefu wameonyana kwa miaka mingi kwamba hati hizo huharibika, na mimi ni mmoja wa wanaoonya. Katika FrameMaker kuna jambo dogo ambalo hunifurahisha kila nikilikumbuka: ukibadilisha aya kwa mkono kinyume na mtindo wake, kinyota hutokea kando ya jina la mtindo chini ya dirisha. Hukukatazwa. Ila tendo lako limeandikwa, na mhariri anaweza kuyafuta matendo yote ya aina hiyo kwa sura nzima kwa mpigo mmoja. Mtu akitumia upande wake wenye muundo, unaoandika kwa alama za XML, programu hukagua pia kama onyo limetangulia hatua linayoihusu na kama kila utaratibu una hatua, kwa kufuata kanuni ambazo taasisi yenyewe imeziandika.

Halafu kuna matini yenye masharti. Pampu moja ina modeli tatu zinazofanana kwa sehemu kubwa ya maelezo. Katika programu ya kuandikia, mwandishi hutengeneza nakala tatu, na tangu dakika hiyo kila sahihisho lina nafasi tatu za kusahauliwa. Katika FrameMaker anaandika chanzo kimoja, anaviwekea alama vipande vinavyohusu modeli moja tu, na miongozo mitatu inatoka kwenye chanzo hichohicho. Sijui hoja yenye nguvu zaidi ya hii kwa kampuni yenye bidhaa za familia moja.

InDesign na QuarkXPress nitazipitia haraka, kwa sababu mara nyingi huchaguliwa kwa makosa. Ni zana bora za mbunifu wa kurasa, na mpangaji aya wa InDesign hutazama aya nzima kwa namna inayokumbusha kazi ya Knuth na Plass. Mizizi yake iko katika jarida na katalogi, kazi ambazo kila ukurasa huwekwa kwa mkono wa msanii. Rejea za ndani, tanbihi na faharasa zimo, lakini kwa miaka mingi hapakuwa na njia yake yenyewe ya kuandika milinganyo. Kuupeleka mwongozo unaobadilika kila robo mwaka kwa mbunifu wa kurasa ni kulipia upambaji uleule mara nne kwa mwaka.

Mwisho wa mstari upo XML, na hasa DITA, mfumo wa kuandika hati kwa mada fupi ulioanzia IBM na kuwa kiwango cha OASIS, shirika la viwango, mwaka 2005. Hapa hati yenyewe karibu inatoweka. Kinachoandikwa ni mada fupi zinazojitegemea, kila moja ikiwa na aina yake: maelezo ya dhana, utaratibu wa kazi, au taarifa za kurejelewa. Mwongozo ni ramani tu inayozipanga mada hizo, na mada moja ya onyo la umeme inaweza kuitwa na miongozo arobaini. Sekta ya ndege ina kiwango chake, S1000D, chenye fikra ya karibu na hiyo. Ikiwa hati inatafsiriwa katika lugha nyingi, manufaa ni makubwa mno, kwa sababu mtafsiri hupewa mada zilizobadilika tu, na hakuna anayelipwa kupanga upya kurasa katika kila lugha. Lakini mfumo huu unahitaji mtu wa kuusimamia, na waandishi wafundishwe upya namna ya kufikiri. Kwa timu ya watu wawili wenye miongozo mitano, ninaona mzigo huo hauwiani na tatizo.

Hoja nzito kuliko zote ya upande wa programu za kuandikia inahusu watu wasio waandishi. Mwongozo wa kiufundi hauthibitishwi na aliyeuandika. Unathibitishwa na mhandisi wa mitambo, afisa wa usalama, mwanasheria na meneja wa bidhaa, ambao wote wana Word, wanajua kufuatilia mabadiliko ndani yake, na hawatajifunza LaTeX kwa ajili ya mwongozo wako. Nimewahi kuona timu ikihamia kwenye mfumo wa kitaalamu, kisha ikawapelekea wahakiki PDF. Maoni yakarudi kwa barua pepe, kwa kalamu kwenye karatasi zilizopigwa picha, na mengine kwa simu, na mwandishi mmoja akakaa wiki mbili akiyahamisha kwenye chanzo kwa mkono. Makosa yaliyozuiwa na mfumo mpya yalirudi kupitia njia ya uhakiki. Anayepigia debe programu za uchapishaji bila kueleza wahakiki watafanya nini ameacha nusu ya kazi nje ya hesabu.

Hoja hiyo naikubali, na hata hivyo inahusu hatua moja tu ya maisha ya hati. Uhakiki unahitaji urahisi wa kuandika maoni, na utunzaji unahitaji ukali wa kanuni. Hakuna sababu ya hatua hizo mbili kuishi ndani ya faili moja. Rasimu ya sura mpya inaweza kuzaliwa katika Word, ikabishaniwa humo na wahandisi kwa wiki tatu, na ikishaidhinishwa ikahamishiwa kwenye chanzo rasmi, ambako hapo tena hakuna anayeigusa isipokuwa kwa utaratibu. Zana kama Pandoc, iliyoanzishwa na John MacFarlane mwaka 2006, huhamisha docx kwenda LaTeX au DocBook, muundo wa XML wa hati za kiufundi, kwa usafi wa kutosha ikiwa rasimu ilitumia mitindo ya kweli. Hapo ndipo mitindo inapolipa hata kwa mtu asiyekusudia kubaki na Word.

Kuhusu uhai mrefu, jina la "kitaalamu" halitoi dhamana yoyote. Ventura Publisher na Interleaf zilikuwa majina makubwa ya uchapishaji wa kiufundi, na leo yeyote mwenye mafaili yake ya wakati ule ana shida mikononi. Mwaka 2004 Adobe iliacha kutengeneza FrameMaker kwa kompyuta za Macintosh, na waliokuwa wameijengea kazi yao yote walilazimika kuhama kompyuta au kuhama programu. Kwa upande mwingine, muundo wa docx ni kiwango cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, tangu 2008, na kuenea kwake kunaupa uhai ambao ubora pekee usingeupa. TeX ina kinga ya namna yake: Knuth alitangaza mwaka 1990 kwamba haitaongezwa kitu tena isipokuwa kusahihisha makosa, na kila sahihisho huongeza tarakimu moja ya pai kwenye namba ya toleo, ambayo mwaka 2021 ilifika 3.141592653. Kwa mtambo utakaohudumiwa miaka thelathini, ningependelea chanzo cha matini tupu kinachoweza kusomwa hata programu yake ikifa, kuliko faili zuri lisilofunguka.

Ninapoulizwa nichague, basi, sianzi na idadi ya kurasa. Ripoti ya kurasa 300 itakayotolewa mara moja na kuwekwa kabatini inaweza kuandikwa katika Word bila majuto, mradi kiolezo kimefungwa na mtu mmoja amepewa mamlaka ya kukataa vichwa bandia. Utaratibu wa kurasa 40 tu, wenye modeli tatu, lugha sita na marekebisho kila robo mwaka, haustahili kukaa humo hata siku moja. Andiko lililojaa hisabati liende LaTeX. Word imekuwa na chombo kizuri cha milinganyo tangu 2007, lakini milinganyo 200 yenye namba na rejea zinazopishana inahitaji majina yanayohesabiwa upya kila safari.

Na kabla ya kununua chochote, jaribio lifanyike juu ya hati halisi ya taasisi, si ile ya maonyesho inayokuja na programu. Chukua sura moja iliyo ngumu, ihamishie kwenye kila programu inayofikiriwa, kisha mpe mtu ambaye hakuiandika kazi hizi: aingize kifungu katikati, afute jedwali linalotajwa kwingine, abadilishe jina la sehemu inayotajwa mara thelathini, na atoe toleo la modeli ya pili. Asiambiwe rejea ziko wapi. Akimaliza, zihesabiwe rejea zilizoharibika bila programu kusema neno, na hesabu hiyo iwekwe mezani pembeni ya bei.